Swali la Lugha: Kunenepa, Kunona na "Bonge Hili"

Msomaji wa Majengo, Moshi, anauliza: "Ninatafsiri filamu kwa sauti katika banda la video. Kwenye filamu moja ya Kimarekani, mama anamwambia bintiye kwamba amenenepa, naye binti anakimbilia chumbani kulia. Watazamaji wakaniuliza analilia nini. Je, niseme 'umekuwa bonge'? Na ni 'bonge huyu' au 'bonge hili'? Na lile vazi la kumfanya mwigizaji aonekane mnene tuliiteje?"

Ndugu msomaji, watazamaji wako walielewa vizuri kabisa walichokisikia, kwa sababu huku kwetu kunenepa ni habari njema. Anayeshuka basi stendi ya Moshi mwezi Desemba, akitoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, hupokelewa na shangazi anayemshika mikono yote miwili na kumwambia, "Jamani, umenenepa! Dar imekukubali!" Neno linaloumiza ni "umekonda", maana ndani yake mna swali kuhusu ugonjwa, shida au ndoa isiyo na amani, na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, neno hilo liliongezewa hofu ambayo wenye umri wangu hatujaisahau.

Kwa hiyo tafuta kitenzi kingine, nacho kipo. Watu hunenepa, ng'ombe na mbuzi hunona. Kunona ni habari ya mafuta ya mnyama anayesubiri kisu, na mama akimtazama bintiye juu hadi chini kisha akasema, "Naona unanona tu, mwanangu," hakuna atakayeuliza machozi yametoka wapi. "Bonge" peke yake sikushauri, kwa kuwa mtaani limekwisha kulainika: "bonge la gari" ni gari la kutamaniwa, na wapo wengi wanaoitwa Bonge tangu shuleni, nao huitika bila kinyongo.

Suala la upatanisho ndilo zito zaidi. Katika Kiswahili sanifu, nomino inayotaja mtu hufuata ngeli ya A-WA hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine, ndiyo maana tunasema "kipofu huyu amefika" na "bonge huyu amechelewa". Ukisema "bonge hili limechelewa", hujateleza katika sarufi, bali umefanya tendo jingine kabisa: umemtoa mtu miongoni mwa watu na kumweka pamoja na gogo na jiwe. Tusi hilo halihitaji hata nomino, kwani "tazama lile linavyokula" latosha kumvunja mtu moyo mbele ya meza nzima.

Mhusika katili anaweza kupewa maneno hayo, kwa sababu ndivyo wakatili wasemavyo. Lakini katika miswada ya tamthilia za runinga ambayo vijana huniletea hapa Arusha niisahihishe, mara nyingi nakuta upatanisho huo kwenye maelezo ya mwandishi mwenyewe: "Limama linaingia, linahema." Hapo hakuna mhusika wa kulaumiwa. Mwanamke huyo hajafungua kinywa, hatujui jina lake wala shida iliyomleta, na tayari mwandishi ameshamhukumu kuwa kichekesho au mlafi. Jambo hili huniuma, nami hufuta na kuandika "Mama mmoja mnene anaingia, anahema". Na pale ambapo unene wake hauhusiki na kisa, hulifuta hata neno "mnene".

Kuhusu vazi, sema "mwili wa bandia", kama tusemavyo meno ya bandia na nywele za bandia. Mwili wa namna hiyo ndio aliovishwa Brendan Fraser katika The Whale, filamu ya mwaka 2022 iliyompatia Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka uliofuata. Ukipewa kuitafsiri hiyo, muuguzi aliye rafiki wa baba anayeigizwa na Fraser umpe lugha ya hospitali, "unene uliokithiri", na baba mwenyewe umwachie A-WA kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata pale anapokula peke yake gizani.