Kupe walikuwa ukutani, mimi nahangaika na mbwa

Kupe wa kwanza ndani ya nyumba nilimwona kwenye pazia la sebuleni. Nilidhani mbegu ya nyonyo imenasa. Nikaivuta kwa vidole, mbegu ikachezesha miguu.

Kilichoniudhi ni kwamba mbwa wetu, Simba, alikuwa anaogeshwa kila Jumamosi. Tangu tuhamie Goba, hapa Dar es Salaam, sikuwahi kukosa. Dawa nanunua, namsugua mpaka mgongo unaniuma, halafu ikifika Jumatano kupe wamejaa tena masikioni na katikati ya vidole vya miguu. Nikaanza kulaumu dawa, nikabadilisha duka, nikaongeza kipimo (kosa kubwa hilo). Kuna mtu akaniambia dawa ya kweli ni oili chafu ya gari. Nikampaka. Simba akajilamba usiku kucha, akaharisha siku mbili, ngozi ya tumboni ikawa nyekundu kama imeungua. Kupe wakabaki. Wewe usijaribu kabisa.

Ndipo nikamwita bwana mifugo. Mbwa hata hakumgusa kwanza. Aliomba tochi, akazunguka nyuma ya banda, akamulika ufa kati ya nguzo na ukuta, ufa ambao sarafu ya shilingi mia isingepita vizuri. Mle ndani walikuwa wamebanana: majike ya kijivu yaliyovimba, wadogo wa kahawia wamewapanda juu, na pembeni bonge la mayai yanayong'aa.

"Mama, mbwa unamwogesha. Na huu ukuta je?"

Alichonieleza ndicho ninachokupa. Yule kupe wa mbwa wa kawaida, wa kahawia iliyokolea, asiye na madoa wala nakshi, hakai mwilini maisha yake yote. Akianguliwa ana miguu sita, mdogo kama punje ya mchanga. Anapanda mbwa, ananyonya, anadondoka, anajificha na kujivua gamba, anatoka na miguu minane. Anapanda tena, anadondoka tena, anakuwa mkubwa. Jike akishiba mara ya mwisho anatafuta ufa, anataga mayai yanayoweza kufika elfu nne, kisha anafa. Kwa hiyo wale unaowaona kwa mbwa ni walioko mezani tu. Wengine wako chumbani wamelala. Tena anapenda kupanda juu, ndiyo maana unamkuta kwenye pazia, fremu ya mlango, hata chini ya dari. Na njaa anaivumilia miezi mingi, kwa hiyo kumpeleka mbwa kwa ndugu "mpaka waishe" ni kujidanganya.

Huyo ndiye wa kwetu mjini. Ukiona mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na miguu ya pingili nyeupe na nyeusi, huyo ni wa ng'ombe na mbuzi, pengine kaja na mbuzi wa sikukuu uliyemfunga uani. Anayejaa ndani ya masikio ya ng'ombe ndiye analeta ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Mwenye ng'ombe wa maziwa asimchukulie poa. Papasi ni mwingine kabisa: ngozi yake imekunjamana kama ya mfuko, mdomo hauonekani ukimtazama kwa juu, anaishi kwenye sakafu ya udongo na nyufa za nyumba za tope, anauma usiku kwa muda mfupi na kurudi shimoni. Homa ya papasi ndiyo aliyoifanyia utafiti huku daktari Mjerumani Robert Koch mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Kama nyumba yako ni ya tofali na sakafu ya saruji, huna sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Basi tukaanza na banda. Lilikuwa la mabanzi, kila banzi na nyufa zake, tukalibomoa. Nyufa za ukuta fundi alizijaza saruji kwa nusu siku. Gunia la kulalia tukalichoma, siku hizi Simba analalia zulia kuukuu linalochemshwa kila wiki. Matofali yaliyobaki ya ujenzi, yaliyorundikwa pale tangu tuhamie, yakaondoka. Nyasi tulikata pia, ingawa kwa kupe huyu ukuta una maana kuliko nyasi.

Dawa ilipulizwa kwa bomba: kuta za nje mpaka juu, fremu za milango, kona za baraza, siku ileile mbwa alipoogeshwa. Hiyo "siku ileile" ndiyo iliyonipita miezi yote. Na dawa nyingi haziui mayai, huanguliwa baada ya wiki tatu hivi au zaidi, kwa hiyo tulirudia kila wiki mbili, mara tatu. Vaa glovu na barakoa, pima kama kibandiko kinavyosema, watoto na kuku wakae mbali mpaka pakauke. Mwenye paka aulize kwanza dukani: permethrini (dawa ya kuua kupe) ya mbwa inaua paka.

Kumtoa kupe aliyeng'ata, tumia kibano cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha. Mimi nina kichupa cha spiriti, wote wanaishia humo. Mbwa akikataa chakula, fizi zikapauka au akatoka damu puani, muite daktari siku hiyohiyo. Na mtu akipata homa baada ya kung'atwa, akapime malaria, lakini amwambie daktari habari ya kupe pia.

Sasa ni mwezi wa tano tangu tuanze. Tochi inaning'inia jikoni, na Jumamosi naanza na ukuta kabla ya mbwa. Juzi nilimkuta mmoja, jike, amevimba, anapanda polepole ukuta wa kibanda cha mlinzi. Mlinzi akaapa hajui katoka wapi. Baadaye akakumbuka kwamba mbwa wa jirani huja kulala hapo mvua ikinyesha.