Huu mwezi wako ni wa wapi? Jibu langu kwa mleta mada wa fantasia

Mleta mada umeuliza kitu kilichonisumbua mimi karibu miaka mitatu. Umesema umesoma fantasia, zile hadithi za majoka na uchawi, tangu utotoni, sasa unaandika riwaya yako mwenyewe, wahusika wanaongea vizuri tu ila wakiingia msituni ule msitu unakua kama umechorwa ukutani, na unaomba utajiwe vitabu vya kusoma ili ujue kuandika mazingira. Wachangiaji hapo juu wamekutajia vitabu vingi na vizuri. Mimi nakwambia vitabu unavyo vya kutosha, funga hicho ulichoshika utoke nje usiku. Nivumilie nieleze kwa urefu maana hili limenigharimu rasimu nzima.

Stori yangu ilikua hivi, binti anamtorosha mdogo wake, wanakimbia siku tatu ndani ya msitu na nyuma yao kuna watu wa mfalme. Sehemu ile nilikua naipenda kuliko zote. Usiku wa kwanza nikaweka mwezi mpevu unachomoza saa sita usiku, kwa sababu kwangu saa sita usiku ndo saa ya kutisha. Usiku wa pili nikaufuta mwezi kabisa, nilihitaji giza. Usiku wa tatu nikaweka mwezi mwembamba unachomoza mashariki giza linapoingia, nilitaka kitu kizuri cha kuwapa moyo wale watoto. Nikampa rafiki yangu asome. Huyu si msomaji wa fantasia hata kidogo, ni mtu aliyekulia kwenye uvuvi wa usiku. Akanirudishia na swali moja kaandika chini ya ukurasa, huu mwezi wako ni wa wapi? Alikua anauliza kwa dhati kabisa, alidhani dunia yangu ina utaratibu wake wa mwezi na kwamba nimeueleza mahali ambapo yeye hajafika.

Sikua nimeueleza popote, kwa sababu sikuwahi kuufikiria. Mwezi mpevu huchomoza jua linapokaribia kuzama, haina namna nyingine, ili tuuone umejaa lazima uwe upande wa pili na jua, sisi tukiwa katikati. Baada ya hapo kila siku unachelewa, kwa wastani kama dakika 50. Ule mwembamba wa jioni unakaa magharibi na hauchukui muda unazama kulifuata jua. Mwembamba wa mashariki upo ndiyo, ila huo ni wa kabla ya alfajiri, mwezi ukiwa unaisha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba lugha yangu ilishaniambia yote haya. Tunasema mwezi umeandama, na kila anayelisema hilo neno anajua unatafutwa jioni upande wa machweo. Nimelisema maisha yangu yote, alafu nilipokaa kuandika nikaenda kuchukua mwezi kwenye picha za majalada.

Basi nikaanza kutoka nje kila usiku, mwezi mzima. Sikua na mpango wowote mkubwa, nilitaka tu niujue. Siku nyingine mawingu, naambulia patupu narudi kulala. Ila ile wiki ya pili niligundua kitu, kwamba nikishaujua mwezi uko wapi nilikua najua mwili wangu uko wapi. Upande upi nina kivuli, upande upi anayenifuata ataniona mimi kabla sijamuona yeye. Hapo nikarudi kwenye ile sehemu ya watoto wanaokimbia na nikaona haina njia, haina upande, walikua wanakimbia hewani. Nilipoweka mwezi mahali pake ikabidi nijue wanaelekea wapi, na nilipojua wanaelekea wapi nikajua watapata mwanga saa ngapi na wajifiche saa ngapi. Usiku wa pili nilivyotaka giza, badala ya kuufuta mwezi niliwapa lile giza la kweli linalokuja baada ya mwezi mpevu, lile la jua limeshazama na mwezi haujatoka, na kila siku linarefuka. Kwa hiyo binti ana muda mfupi tu wa giza wa kuvuka uwanda, na usiku unaofuata atakua nao mrefu zaidi, je avuke leo au asubiri kesho huku wale wanasogea? Hiyo taharuki sikuibuni mimi, ilikuwepo angani.

Baadaye nikaja kujua hata Tolkien, yule mwandishi mkubwa wa fantasia wa Uingereza, yalimkuta haya haya. Mwaka 1944, akiwa katikati ya kuandika The Lord of the Rings, alimwandikia mwanae kwamba amegundua miezi yake inafanya mambo yasiyowezekana, unachomoza sehemu moja ya nchi wakati huo huo unazama sehemu nyingine, na kuandika upya vipande vya nyuma kulimmalizia mchana mzima. Na miaka mingi baadaye akaeleza kwenye mahojiano kwamba mwezi na machweo ya kile kitabu alikuja kuyapanga yafuate yalivyokua kweli mwaka 1942. Fikiria, mtu aliyebuni lugha na miaka elfu na elfu ya historia, kwenye mwezi akaufuata huu huu wetu.

Kuna mchangiaji amesema majoka hayapo kwa hiyo nani atajali mwezi unachomoza wapi. Namuelewa ila sikubaliani naye kabisa. Msomaji anakuja kwako yuko tayari kuliamini joka, hilo ni zawadi anayokupa bure. Ila umande anaujua, moshi anaujua, kutembea umbali mrefu na viatu vilivyolowa anakujua. Ukimdanganya kwenye vile anavyovijua ataanza kukukagua na kwenye vile asivyovijua. Na kama unataka dunia yenye miezi miwili weka, ni haki yako, ila basi kaa chini ufikirie bahari. Bamvua, yale maji ya bahari yanayojaa sana, inakuja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, maji mafu, yale yasiyopanda sana, yanakuja katikati hapo. Miezi miwili ikivuta pamoja hiyo bamvua itafika wapi, na watu wa pwani ya dunia yako watajenga nyumba zao wapi? Ukijibu hilo swali moja unapata mji mzima.

Kitu cha pili nilichokosea kilikua rangi. Binti wangu alimtambua adui usiku kwa joho lake jekundu. Siku moja nikatoka na shuka jekundu nikalitandika kwenye majani nikakaa kuliangalia jioni ikiingia. Nyekundu ndo rangi inayokufa mapema. Majani bado unaona ukijani ukijani, shuka limeshakua jeusi. Macho yetu yana chembe za aina mbili za kuona, zile za mwanga mwingi ndo zinajua rangi, zile za gizani hazijui rangi na kwenye wekundu ni dhaifu sana, na zinahitaji kama nusu saa ndani ya giza ndo zifikie nguvu yake. Ukiwasha taa sekunde chache tu unaanza upya. Pia pale katikati ya jicho, pale unapoelekeza kitu ukitaka kukiona vizuri, zile za gizani hazipo kabisa, ndo maana nyota hafifu ukiikazia macho inapotea na ukitazama pembeni yake kidogo inarudi. Hii ya mwisho nilikaa nayo wiki nzima nikiwaza. Kwenye rasimu mpya kuna kiumbe anayeonekana hivo tu, kwa pembe ya jicho, ukimgeukia hayupo. Wasomaji wangu wawili wameniambia ndo kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kubuni, na mimi nimekitoa kwenye nyota.

Alafu sauti, na hapa ndo naomba unisikilize kuliko kote. Mimi nilikua naandika "msitu ulikua kimya" karibu kila chapta. Ukiingia msituni ni kweli kunakua kimya, ila ni kwa sababu umeingia wewe. Nilikaa chini ya mti mmoja bila kusogea, dakika kumi hakuna kitu, nikaanza kusikia baridi na mawazo ya kurudi, alafu nyenje mmoja akaanza mbali, akajibiwa, baadae chura, na mpaka inafika nusu saa kulikua na kelele kiasi kwamba pumzi yangu mwenyewe nilikua siisikii. Kisha upande wa kushoto wote wakanyamaza kwa mpigo. Kulia wanaendelea, kushoto kimya. Nywele zilinisimama. Sikuwahi kujua ni nini kilipita, lakini kiliendelea kupita na kile kimya kilitembea nacho, kikasogea taratibu mpaka kikaniacha. Nilirudi nyumbani nikaandika mpaka alfajiri. Ule ukurasa ambao binti anajua watu wa mfalme wamefika kwa sababu kimya kinatembea kuja kwake, sikuubadilisha hata neno, na ndo ukurasa pekee kwenye kitabu kizima ninaoweza kusema hivo.

Harufu ya mvua nayo niliichimba sana. Kuna vijidudu vya kwenye udongo vinatengeneza kitu kinaitwa jiosmini na pua ya binadamu inakinusa hata kikiwa kidogo mno. Matone yakipiga udongo mkavu yananasa viputo vya hewa, viputo vinapasuka na kurusha ile harufu juu, na mvua nyepesi inarusha vizuri kuliko ya kishindo. Upepo ukitokea huko inakonyesha unainusa mvua kabla haijakufikia. Mhusika wako akijua hilo, anajua mengi.

Sasa nikuonye kitu. Baada ya miezi kadhaa ya haya yote nilijaa, na nikaandika kila kitu. Chapta moja ilikua na kurasa nne za bonde kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Yule rafiki yangu mvuvi akaziruka, akaniambia waziwazi kwamba ameziruka. Iliniuma kwa sababu kila sentensi mle ilikua kweli, nilikua nimeiona kwa macho yangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule ulikua ukweli wangu mimi niliyekua nimekaa nimeshiba na blanketi mgongoni. Binti anayekimbia na mtoto mgongoni haoni bonde, anaona wapi pa kuweka mguu, wapi pana maji, wapi pana pa kujificha. Nikachukua zile kurasa nne nikawa naiuliza kila sentensi, huyu anaihitaji hii kwa nini? Kwa kiu, kwa woga, kwa uchovu? Ikikosa jibu naifuta. Ikabaki aya moja na nusu. Lile bonde lote bado liko mle, msomaji analisikia ingawa halioni, hilo ndo jambo ambalo siwezi kulieleza vizuri lakini nimeliona likitokea mara nyingi sana.

Umeuliza pia ninaandikaje, kwa daftari au simu. Nikiwa nje siandiki. Narudi, nakaa, naandika kwa mkono maneno matano au sita tu, yale yaliyokataa kutoka kichwani. "Kimya kinatembea" yalikua ni maneno mawili tu kwenye daftari. Kesho yake ndo nafungua kompyuta. Nilijaribu kipindi fulani kupiga picha, nikaishia na picha mia mbili za majani na sikumbuki hata moja ilikua na harufu gani. Wengine zinawasaidia, mimi hapana. Nikimaliza ukurasa nausoma kwa sauti, pale ulimi unapokwama pana uongo, karibu mara zote.

Na usije ukadhani nakwambia uache kusoma fantasia, sitaki uelewe hivo. Mimi msituni nilipelekwa na vitabu. Nikiwa na miaka kumi na moja nilisoma hadithi ya miti inayotembea, nikatoka nje jioni nikasimama mbele ya mti ambao nilikua naupita kila siku na kwa mara ya kwanza maishani nikauangalia mpaka juu. Niliogopa kidogo, nikaugusa gome. Bila kile kitabu nisingeugusa, ungebaki kuwa kitu cha pembeni mwa njia. Tolkien huyo huyo kwenye insha yake iliyotokana na mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za aina hii alisema moja ya kazi zake ni kuturudishia macho, tuone upya vitu tulivyovizoea mpaka tukaacha kuviona. Kwangu ilikua hivo hivo bila kupunguza. Kitabu kilinipeleka kwenye mti, mti ukanirudisha kwenye kitabu changu, sema hiyo safari ya kurudi ilinichukua miaka mingi kwa sababu nilidhani nikishasoma nimeshaona.

Kwa hiyo anza na sehemu yako moja tu, ile ya msitu uliyosema inakukera. Angalia umeiweka usiku wenye mwezi wa namna gani, mpevu au mwembamba, alafu usubiri huo usiku ufike, utoke ukakae saa nzima bila taa. Kama mahali unapoishi si salama usiku, kaa hata barazani au roshani, mwezi ni ule ule na giza linaingia kwa utaratibu ule ule. Mimi pia nasubiri. Chapta ya mwisho inataka ule mwembamba unaotoka kabla ya alfajiri, binti anauona akiwa peke yake, na kila nilipojaribu kuuandika kwa kukumbuka umegoma. Utaonekana wiki ijayo siku kama tatu hivi, nimeshaweka alamu saa kumi usiku, nikiupata nitarudi hapa nikuambie ulikuaje.