Ombi la nyuma ya daftari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina genge la ndizi na mboga hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Mwenye genge hakosi daftari la madeni: mama fulani, mchicha na nusu mkungu, elfu nne, bado. Mwaka 2017 niligeuza ukurasa wa mwisho kabisa nikaandika, "Kaka aache pombe." Nikaweka na tarehe. Nilijua kabla mwezi haujaisha ombi hilo nitakuwa nimelikata, kama deni lililolipwa.

Mwanzoni niliomba kwa kishindo: kufunga, mikesha, sauti inakauka. Mwezi wa nane nikaacha. Hasira sikuwa nayo, ni aibu tu, kama mtu anayerudi kukopa duka lilelile kila siku.

Aliyenirudisha ni yule mjane wa Luka 18. Nimemsikia tangu shule ya Jumapili, lakini asubuhi moja nikisubiri gari la ndizi lishushe, nikasoma kwamba alikuwa "akimwendea-endea" kadhi, yule hakimu dhalimu. Hilo neno lilinikaa. Na ombi lake lenyewe? "Nipatie haki na adui wangu." Basi. Maneno matano.

Kwa hiyo ushauri wangu, fupisha ombi mpaka uweze kulibeba hata ukiwa na usingizi, halafu ulifunge kwenye kazi ambayo lazima uifanye. Mimi nalisema nikifungua turubai saa kumi na mbili kasoro: "Baba, mkumbuke kaka." Kuna siku nalisema huku napiga miayo. Nalihesabu hivyohivyo.

Watakuja wa kukuambia imani yako ndogo. (Mmoja aliniambia hivyo huku akiniuzia mafuta.) Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake umtoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha," na mwiba ukabaki. Nani atamwambia Paulo hana imani?

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliona ni hili: miaka miwili nilikuwa namwombea kaka na simsalimii. Nikipita njia yao nageuza uso. Namwendea-endea Mungu, kwa kaka mwenyewe siendi! Siku hizi Jumapili baada ya ibada napanda daladala la Kibosho na hotipoti ya mtori. Mara nyingine hafungui mlango, naiacha kizingitini. Pasaka alikula bakuli mbili, akaniuliza ndizi mshare siku hizi mkungu ni shilingi ngapi. Tukacheka kidogo. Jioni akaenda kilabuni kama kawaida.

Daftari likijaa nanunua jipya, nahamisha madeni ambayo hayajalipwa. Hili ni la nne. Wengi wameshanilipa, wachache nimewasamehe. Jumatatu nimehamisha na ule mstari wa nyuma, na tarehe yake ileile ya 2017.