Uliza Shangazi wa Palermo: Kumbe yule mzee ukutani hakuwa jambazi

*Shangazi yuko Palermo, kisiwani Sicilia, mwaka wa kumi na tano sasa. Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wageni wa mtaa wa Ballarò na jirani zake.*

Shikamoo Shangazi. Nina miezi mitatu hapa Palermo, namlea bibi mmoja mzee ghorofa ya nne. Wiki ya kwanza natoka kutupa taka nikakuta ukutani karatasi kubwa, ina picha ya mzee kavaa tai, jina kwa herufi kubwa, pembeni mstari mweusi, nikasema huyu anatafutwa na polisi, na sura yake mi nilishaiona ikinunua samaki! Nikawa napita upande wa pili wa barabara kila siku. Sasa juzi kwenye mlango wa jengo letu wametundika utepe mkubwa wa bluu una kidoli katikati, nikajua hapa kuna msiba, nikamkuta dada wa chini nikampa pole ya Kitaliano niliyoitafuta kwenye simu, na uso wa huzuni juu, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nifumbulie maana nina aibu hata ya kutoka. *Mgeni, Ballarò*

Marahaba mwanangu. Umepatia kwamba kuna lugha ukutani ila umeisoma kichwa chini, msiba umeufanya ujambazi na uzazi umeufanya msiba.

Ile karatasi ndo tangazo la msiba. Huku kusini mtu akifariki, wale wa maziko wanachapisha karatasi usiku huohuo, asubuhi imeshabandikwa mitaa aliyokuwa akiishi, ina jina lake, kanisa na saa ya misa, maana kuzika hawakawii, mara nyingi ni siku moja au mbili tu, na huku hakuna turubai barabarani wala viti vya kukodi vya kukuonyesha kwamba hapa pana jambo. Karatasi ndo turubai lenyewe. Ikipita mwezi utaona nyingine ya mtu yuleyule, imeandikwa *trigesimo*, hiyo ni misa ya siku ya thelathini, sie arobaini wao thelathini. Kwa hiyo rudi upande wako wa barabara, na yule mzee wa samaki kama alikuwa anakuitikia salamu, mtaje kwa mwanawe siku ukimwona, watafurahi mno.

Utepe ni mtoto. Bluu wa kiume, waridi wa kike, unakaa mlangoni siku kadhaa mpaka mtaa wote ujue. Yule dada alicheka kwa sababu umempa pole ya kufiwa mtu aliyejifungua! Mpelekee kitu kidogo, hata biskuti, mwambie *auguri*, yaani hongera, yataisha.

Na kwa vile uko ghorofa ya nne nakuuliza, kapu lishakufikia? Kama bibi wako ni mzaliwa wa hapo basi mahali fulani kwenye baraza, nyuma ya ndoo, kuna kapu la ukindu lina kamba ya nailoni, wanaliita *panaru*. Anamwita muuza mboga kwa sauti, anashusha kapu, ndani noti imebanwa na kibanio cha nguo isipeperuke, chini wanachukua hela wanaweka mkate na nyanya na chenji, linapanda. Mwenye miaka themanini na ngazi hamna lifti unadhani afanye nini. Utakabidhiwa wewe kazi ya kuvuta, basi vuta taratibu na uutenge mkono mbali na ukuta, mie mwaka wangu wa kwanza nilivuta kama navuta ndoo kisimani, kapu likagonga kamba ya nguo ya ghorofa ya pili, mayai sita yote kwenye shuka nyeupe za jirani. Mpaka leo ananiita Yule wa Mayai.

Shangazi mambo, mi swali dogo tu. Nikipanda juu ya paa kuanika nguo naona kila nyumba ina tenki la maji, mengine ya bluu mengine ya kijivu ya zamani, kama nipo Dar vile. Si Ulaya hii? *Mwanafunzi wa Chuo Kikuu*

Poa. Ulaya ndiyo, na maji ya mgao ndiyo. Palermo tangu zamani kuna mitaa maji hayaji saa zote, kwahiyo watu wanajaza tenki usiku, pampu inasukuma mchana, na ule ukame wa 2024 mgao ukarudi kwa nguvu watu wakaanza kuulizana zamu yenu lini kama tunavyoulizana sie. Wewe uliyekua na simtanki nyumbani una elimu ambayo mwenzako kutoka Milano hana. Ukisikia pampu inanguruma na bomba halitoi, usioge kwanza, panda ukaangalie boya. Yale ya kijivu mengi ni ya saruji yenye asbesto, usiyakwangue wala kuyavunja.

Shangazi, kuna bajaji ya mizigo inapita mtaani kwetu na kipaza sauti, mtu anapiga kelele maneno yaleyale kwa sauti ya kukwaruza, nilidhani ni kampeni za uchaguzi lakini watu wanatoka na hela! *Wa Kalsa*

Hahaha, huyo ni wa sfincione. Ni mkate mnene laini, juu nyanya, kitunguu, jibini, vidagaa vya chumvi na unga wa mkate uliokaushwa. Sauti ni ya kurekodi, na kichekesho ni kwamba muuzaji mwenyewe ndani ya rekodi anatangaza kuwa bidhaa yake ina mafuta haba na vumbi tele! Watu wanaipenda hivyohivyo. Kile chombo wanakiita *lapa*, jina lake la kiwandani ni Ape, yaani nyuki, Piaggio walianza kukitoa 1948, kwahiyo bajaji zetu zina babu na babu yake yupo hapo chini ya dirisha lako anauza mkate.

Kwa Waislamu wenzangu: panelle ni vipande vya unga wa dengu vya kukaanga, vinakaribiana na bhajia zetu, ila uliza mafuta gani. Mkate wa bandama pita tu, ule kwa desturi unapikwa na mafuta ya nguruwe.

Swali langu Shangazi: hapa Ballarò kuna picha kubwa ukutani ya mtakatifu mweusi. Ni kweli au wachoraji wa siku hizi? *Msomaji*

Kweli kabisa. Ni San Benedetto il Moro, wazazi wake walikuwa Waafrika waliopelekwa utumwani kijiji cha San Fratello, yeye akaachwa huru, akawa mtawa wa Kifransisko kwenye nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù pembezoni mwa mji. Alikuwa mpishi, hajui kusoma, na wenzie wakamchagua kuwa mkuu wao, hebu fikiria karne ya 16. Akafa 1589, akatangazwa mtakatifu 1807, na ni mlinzi wa Palermo pamoja na Santa Rosalia. Mabaki yake yalikuwa kwenye kanisa la hapohapo mpaka Julai 2023 moto wa msituni ulipoliunguza, siku ile mtaani kwetu nimeona watu wazima wanalia wakiangalia simu.

Shangazi wa mwisho mimi, muuza matunda ananiambia *zibibbo* huku ananyoosha kichala cha zabibu. Ananiigiza lafudhi? *Mama wa Tanga*

Hapana mama, neno ni lao. Waarabu walitawala hapa tangu 831 walipoteka Palermo, mpaka 1072, wakaacha maneno, na hilo limetoka kwenye zabib ileile iliyofika kwetu kwa majahazi. Hata jina la mtaa wa Kalsa ni la Kiarabu. Basi msimu huu mjibu zabibu kwa sauti, atashtuka yeye. Akikutajia bei ya mgeni ondoka, meza ya tatu kulia anauza zilezile kwa nafuu na anakuonjesha kwanza.