Prado iliyoinuliwa inchi 2: ningekuwa wewe ningeishia 265/70R17

Mkuu, umesema una Prado 120 ya petroli, uko Nachingwea, umeshaiinua inchi 2 kwa springi na shokapu mpya, na sasa unataka kuvua 265/65R17 (265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 17 ni rimu kwa inchi) uweke 285/70R17 ili masika isikukwamishe. Mimi niko Mtwara, natumia gari kama hilo hilo, na saizi zote mbili nimeshazifunga kwa hela yangu. Weka 265/70R17.

Springi ulizofunga zimeinua bodi na chesisi. Difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, haikupanda hata kidogo, kwa sababu ekseli urefu wake toka chini unatokana na tairi, bodi iwe juu iwe chini. Na kimo cha tairi kikiongezeka, difu inapanda nusu yake tu. Tairi lako la sasa lina kimo cha milimita 776 hivi. 265/70R17 ina 803, kwa hiyo difu inapanda milimita 13. 285/70R17 ina 831, inapanda 27. Nakubali 27 si haba. Njia ya Nangurukuru kwenda Liwale malori yakishaichimba mifereji, kila milimita unaitamani, na ndiyo maana mimi nilianzia huko huko kwenye 285.

Shida ni kwamba wengi tunaamini ukiinua gari umelipatia tairi nafasi. Nafasi unayoiona ni ya gari lililosimama. Ukiingia shimo, springi inajikunja mpaka mwisho wake na tairi linapanda ndani ya madigadi hadi pale pale lilipokuwa linafika zamani. Na ile nafasi iliyo nyuma ya tairi la mbele, unayoihitaji ukikata kona, haikuongezeka kabisa. Inaweza hata kupungua, maana Prado ikiinuliwa mbele, gurudumu linavutika kidogo kurudi nyuma mpaka alaimenti irekebishwe.

Aliyeniuzia aliniambia zitaingia, na kweli ziliingia. Pale pale dukani nikakata usukani kulia na kushoto, kimya. Wiki ya pili, karibu na Tandahimba, natoka kando kulipisha lori la korosho, usukani umekata wote, gurudumu la kushoto likatumbukia mtaroni. Nikasikia mlio kama mtu anachana turubai. Nikashuka. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imeng'oka klipu tatu inaning'inia, na bega la tairi lilikuwa na mchirizi mweusi unaong'aa, mpana kama kidole gumba, mahali liliposugua ncha ya bodi. Nikaligusa, bado lina moto.

Fundi akanipa njia moja: kuilaza kwa nyundo ile ncha ya bodi, kisha kukata kona ya kishikio cha bodi kwenye chesisi na kuchomelea upya. Nikakataa. Huku kwetu pwani chuma kikishakatwa, chumvi inaanza kazi siku hiyo hiyo, hata ukipaka rangi. Nikaziuza zile 285 kwa hasara, nikachukua 265/70R17 na tangu hapo hakuna kinachosugua.

Kama bado moyo wako uko kwenye 285, naomba usilipe kabla ya jaribio hili. Fanya alaimenti kwanza, umwambie fundi aongeze kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) ili magurudumu ya mbele yasogee mbele kadiri inavyowezekana. Funga matairi mawili mbele tu. Paka chaki nyingi ndani ya madigadi na kwenye ile ncha ya bodi. Pandisha gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia juu ya vitu imara vya kimo cha sentimita 30 hivi, ili springi ya mbele ijikunje kwelikweli, halafu kata usukani mpaka mwisho pande zote, ukienda mbele na ukirudi nyuma. Rudia upande wa pili. Chaki ikihamia kwenye tairi, umeshajibiwa.

Kuna na uzito. Kwa injini ya 2.7 na gia otomatiki ya nne, nikitoka Masasi kupanda Newala na zile 285, gia ilikuwa inashuka mapema na gari linalia. Breki nazo nilizisikia zimechelewa kidogo. Spidi pia: dashibodi ikionyesha 100, kwa 285 unakwenda kama 107, na 50 ya vijijini inakuwa 53 na nusu. Wenye tochi hawakuulizi saizi ya tairi. Kwa 265/70R17, 50 inakuwa chini ya 52. Hesabu ya mafuta nayo inapotoka, kwa sababu kilomita zinazoandikwa ni pungufu ya ulizotembea.

Mchanga usiuhesabu kabisa kama sababu ya kununua tairi kubwa. Ufukweni Msimbati nimepita na tairi za kawaida kwa kushusha upepo mpaka PSI 18, mwendo taratibu, bila kukata kona kwa ghafla. Beba pampu, ujaze upya kabla ya kurudi kwenye lami.

Meno ya tairi chagua ya njia zote, isipokuwa kama kila wiki uko njia ya Liwale kwenye matope. Hapo ya matope yatakusaidia kweli, ukubali kelele zake kwenye lami.

Na nunua matano. Prado hiyo inasukuma magurudumu yote manne muda wote, ukifunga spea ya kimo tofauti safari ndefu, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndiyo inayoumia. Tena ukipasua 285 huko Liwale, usitegemee kupata ya kufanana nayo hapo. Ukipelekewa matairi, angalia tarakimu nne za mwisho za ile namba ya DOT ubavuni: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mimi nilishaletewa tairi "jipya", limepakwa mafuta linang'aa, nikalipangusa ubavuni nikakuta 1115.