Nyie mnaoanza na utumbo wa inzi, kijani sio lazima iwe seli shina

Wengi mnakuja maabara mkiwa mmeshakariri mishale ya michoro ya protini, Delta hapa, Notch pale, mmemaliza. Mimi pia nilikuja hivyohivyo, na siku nilipoweka utumbo wangu wa kwanza chini ya hadubini hata sikujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Kwa wasiojua kabisa, seli shina, zile zinazogawanyika kuzaa seli mpya, za utumbo wa kati wa inzi wa matunda aliyekomaa zilielezwa 2006, na makundi mawili ya watafiti kwa mkupuo. Ikigawanyika, kwa kawaida seli moja inabaki shina na mwenzake anaanza safari ya kukomaa. Wengi wanapita kwenye enteroblasti, yaani seli ambayo bado haijakomaa, halafu wanakuwa enterosaiti, yale madude makubwa yanayofyonza chakula, na wachache wanaishia kuwa enteroendokrini, hivi vidogo vya kutoa homoni.

Sasa nani anaamua? Seli shina ina Delta kwenye utando wake, jirani ana Notch, na lazima wagusane, hakuna kutumiana salamu kwa mbali. Delta ikiishika Notch, Notch inakatwa, kipande chake cha ndani kinakimbilia kwenye kiini kuwasha jeni. Ujumbe ukiwa mkali seli inaelekea kuwa enterosaiti, ukiwa hafifu ule mlango wa enteroendokrini unabaki wazi. Yaani usiulize tu Notch ipo au haipo, uliza ni kiasi gani, na kwenye seli ipi, maana hapo ndipo nilipoaibika.

Nilizima Notch kwenye seli zinazowasha jeni ya escargot, ambazo tunazitia protini ya kijani zionekane, kijani ikajaa utumbo mzima, nikafurahi weee nikaandika kwenye daftari seli shina zimegawanyika kupita kiasi nikampelekea msimamizi. Akaniuliza kitu kimoja tu, umejuaje kama hizi ni shina? Kimya. Escargot inawaka kwenye seli shina na kwenye enteroblasti pia, kwa hiyo kijani ikiwa nyingi inawezekana zinagawanyika mno, au zinagawanyika kawaida ila zimekwama hazikomai, au vyote viwili. Ikabidi nirudie na kingamwili za Delta, alama ya seli shina, na Prospero, alama ya enteroendokrini, nikakuta mafungu ya seli zenye Delta, pembeni mafungu ya enteroendokrini, na enterosaiti mpya hakuna. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa na ile niliyoandika. Ukitaka kusema zinagawanyika, hesabu zilizo kwenye mgawanyiko kwa kingamwili ya histoni H3 yenye fosfeti, usikadirie kwa macho.

Joto nalo. Tunatumia Gal80 inayosikia joto, protini inayozuia swichi ya jeni tuliyoiweka, nyuzi 18 jeni yako imezimwa, 29 imewaka. Basi inzi wa kulinganishia nao wakae 29, muda uleule, maana kwenye joto inzi anazeeka haraka na utumbo wa mzee unajaa seli zenye Delta ambazo hazijui zinaenda wapi. Mimi wa kwangu niliwaacha 25 eti inkubeta ilikuwa imejaa, wiki tatu zikaenda bure.

Halafu msidharau chakula. Enterosaiti ikiumizwa na bakteria au sumu inatoa Upd3, protini ya kupeleka ujumbe, hiyo inawasha JAK-STAT, njia ya kupitisha ujumbe ndani ya seli, kwenye seli shina, zinaanza kugawanyika kuziba pengo. Ukiacha inzi kwenye chupa yenye uji uliooza unaweza kuwa unapima uchafu wako mwenyewe ukidhani ni jeni. Badilisha chupa kila baada ya siku mbili hivi. Msichanganye madume na majike, utumbo wa jike unajifanya upya kwa kasi zaidi, na jike aliyepandwa si sawa na ambaye bado. Na chagueni sehemu moja ya utumbo, mimi nabaki kwenye sehemu inayoitwa R4, upande wa nyuma, maana sehemu zenyewe hazifanani hata kwa kasi ya kugawanyika.

Kwenye kupasua ni mkono tu, utazoea. Vuta polepole, na utumbo ukikatika hapo hapo unapotaka kuhesabu usijaribu kuunga vipande kwenye kioo, tupa, chukua inzi mwingine.