Chati ya kazi kwenye seva ya tovuti

SWALI: Yambo Papa. Ninatunza kompyuta za duka la vipuri vya magari hapa Lubumbashi. Tuna depo Likasi na Kasumbalesa. Kazi yote inapita kwenye kundi la WhatsApp: fakture, bei, matangazo ya matanga, vyote pamoja. Kijana wa depo akiacha kazi, anaondoka na mazungumzo yetu yote. Tunakodi seva ya RAM giga 2, inabeba tovuti yetu ya WordPress kwa Nginx (programu inayopokea wageni wa tovuti). Naweza kuweka Mattermost, programu ya chati ya kazi inayokaa kwenye seva yako mwenyewe, humo humo bila kuangusha tovuti? – Msomaji wa Katuba

JIBU: Yambo sana, binti yangu. Unaweza, na nakusihi ufanye. Bei na fakture ni mali ya duka.

Nginx anakaa poti (milango ya mtandao ya seva) 80 na 443, Mattermost 8065, kwa hiyo hawagombani. Ipe chati jina lake ndani ya domeini yenu, lielekee IP ile ile (namba ya seva yenu), kisha uiandikie Nginx faili jipya la kupeleka jina hilo poti 8065. La tovuti usiliguse. Kila ukibadili kitu, endesha nginx -t, amri inayokagua makosa, kabla ya kuipakia upya. Cheti cha https kichukue kwa programu ya certbot, na SiteURL (anwani ya chati katika mipangilio ya Mattermost) ifanane kabisa na anwani ya https. Mattermost isikilize 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya seva yenyewe, vinginevyo poti 8065 inabaki wazi kwa dunia nzima, bila cheti.

Wengi wanakwama hapa: ukurasa unafunguka vizuri, unaandika "Filta za Hilux zimefika?", na mtu wa Likasi haoni kitu mpaka afungue ukurasa upya. Chati inashikilia muunganisho mmoja ulio wazi, WebSocket, na Nginx haupitishi mpaka aambiwe. Andika proxy_http_version 1.1, pamoja na vichwa Upgrade na Connection. Halafu client_max_body_size, kikomo cha ukubwa wa faili linalotumwa: ukiiacha ilivyo, kikomo ni mega 1, na picha ya fakture kutoka simu itarudishwa na kosa 413. Weka 50M.

Giga 2 ndiyo inanitia wasiwasi. WordPress inatumia hifadhidata ya MySQL, Mattermost ya sasa inataka ya PostgreSQL, basi hifadhidata mbili zitabanana humo. Ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kabla ya kuanza, na uangalie RAM kwa amri free -h saa za kazi, si usiku. Ikijaa, panda giga 4 kabla ya kuingiza Kasumbalesa.

Kila usiku chukua nakala: pg_dump (nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL), na folda ya data, na config.json (mipangilio ya Mattermost), vyote vitoke kwenye seva hiyo viende kwenye diski ya ofisi. Jaribu kuvirudisha kwenye mashine nyingine kabla watu hawajaanza kuvitegemea. Tafadhali usiliahirishe hili.

Kijana akiondoka, unazima akaunti yake na mazungumzo yanabaki kwenu. Picha alizokwisha kupakua atabaki nazo, hakuna programu ya kuzifuta kwake. Jambo hilo mliandike kwenye mkataba wa kazi.